Maneno ya Bibi Katika Kinywa cha Madam

Madam alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya darasani, kubwa, ya kuwafikia hata wale wa dirishani waliokuwa wanaangalia ng'ombe wakipita barabarani. Ya pili ilikuwa ndogo. Hiyo aliitoa akiwa na jambo la kweli la kusema, na ukitaka kuisikia ilibidi unyamaze kabisa. Mimi nimeitafuta hiyo sauti ya pili kwa miaka. Kila nilipoisikia, alikuwa anazungumza na mtu mwingine.

Namwita Madam kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, shule nzima pale Nyansurura, na baadaye senta nzima: vijana wa bodaboda, mama wa mgahawa, hata katekista wetu ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Kwao ni Kondoa. Serikali ilimleta kwetu kufundisha Historia, akaja na begi moja, mkeka wa kuswalia na birika la plastiki la kijani. Huku kwetu ni Wakristo na wazee wachache wa jadi. Waislamu ni mwenye duka la jumla na familia yake, basi. Kwa hiyo siku za mwanzo watoto walikuwa wanakwenda kumwangalia anavyotawadha, kama wanavyokwenda kuangalia lori lililoharibika. Hakuwafukuza. Aliwaambia, "Kama mmekuja kuangalia, njooni na maji." Wakaja na maji. Mjanja yule, alikaa muda mrefu bila kushika ndoo.

Alikuwa na jambo lake moja lililomkaa moyoni, nalo halikuwemo kwenye mtihani wowote: watu wa kale walianzaje kusema kwamba Mungu ni mmoja. Ungemkuta anafundisha Wajerumani na reli, ghafla chaki inasimama, anageuka, na sisi tunajua tayari, leo tunakwenda Misri.

"Misri ilikuwa na miungu kama boma lenye wake wengi," alisema. "Huyu wa mto, huyu wa mavuno, huyu wa makaburi ana kichwa cha mbweha. Wanagombana, wanapatana, maisha yanaendelea. Siku moja akatokea mfalme akafunga mahekalu yote. Akasema ni jua tu. Lile duara lenyewe mnaloliona. Akahamia jangwani, akajenga mji mpya, na mahekalu yake hayakuwa na paa, ili jua liingie."

"Na mvua, Madam?" akauliza mtu.

"Misri hakuna mvua ya kukusumbua wewe. Sikiliza. Yule mfalme alipokufa, watu wakarudisha miungu yao yote. Halafu wakachukua patasi, wakazunguka nchi nzima wanafuta jina lake kwenye mawe."

Akaandika jina la mfalme ubaoni, akalikwangua kwa ukucha. Ule mlio ulitufanya tuzibe masikio. Akasema, kwa sauti ya pili, "Kumuua hawakuweza tena, alishakufa. Lililobaki lilikuwa jina."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Hayo ya mwisho nilisimuliwa na Ghati aliyekaa mbele. Mimi nilisikia ule ukucha tu.

Siku nyingine alitupeleka kwa wana wa Israeli. Alitufananishia na alama za ng'ombe, kwa sababu alishatujua. Kila ukoo una alama yake kwenye ngozi ya ng'ombe, na kila taifa la zamani lilikuwa na mungu wake hivyohivyo. Wana wa Israeli hawakuanza kwa kusema miungu ya jirani haipo, walianza kwa kusema sisi ni wa huyu. Kisha Wababeli wakaja, wakabomoa hekalu, wakawachukua mateka.

"Sasa fikirini," alisema Madam. "Nyumba ya Mungu wenu imevunjwa. Nyinyi mko nchi ya watu. Mnasema ameshindwa?"



"Wao wakasema hapana. Kama anatusikia hata huku, basi na huku ni kwake. Na kama huku ni kwake, kila mahali ni kwake. Na hao wengine ni miti na udongo." Akafuta mikono chaki. "Kwa hiyo waliolikamilisha jambo hili ni watu waliohamishwa."

Hilo la mwisho alilisema taratibu sana, naye amehamishwa kutoka Kondoa, na alikuwa anamtazama Mwita.

Huyo Mwita nimseme kabisa, nipumue. Alikuwa mwanafunzi wa Madam kama vile sisi wengine tulikuwa wa serikali. Daftari lake lilisahihishwa kwa maneno; letu kwa vema tu. Alikuwa na akili, sikatai, na masikio makubwa ambayo nilijifariji nayo. Madam alipotueleza juu ya nabii wa Uajemi aliyehubiri bwana mmoja wa nuru na ukweli, adui yake ni uongo, ni Mwita aliyeuliza kama huyo aliwatangulia wengine au aliwafuata. Madam akang'aa usoni kama mtu aliyeletewa mtoto wake. Na ni Mwita aliyemtega.

"Madam, nyinyi Waislamu mnasema Mungu ni mmoja tangu Adamu. Lakini unatufundisha kwamba watu walifika pole pole. Sasa kipi?"

Tukafikiri amekwama. Madam akasogea karibu naye.

"Mwita, ulizaliwa lini?"

"Zamani, Madam."

"Mimi nimekujua lini?"

"Nilipoingia kidato cha kwanza."

"Kabla sijakujua, hukuwepo?"

Tulipiga kelele mpaka mwalimu wa Hesabu akaja kuchungulia. Lakini mimi nilipiga kelele nusu. Nilikuwa najiuliza kwa nini haniulizi mimi nilizaliwa lini.

Kuna siku moja tu nilimpata mwenyewe. Alikuwa anasema jambo la wivu. Kwamba miungu ya zamani haikuwa na wivu: ukimchinjia huyu leo na yule kesho, hakuna aliyenuna. Huyu Mmoja ndiye wa kwanza kusema mimi peke yangu, na akakiri mwenyewe kwamba ana wivu.

Mwita akadakia, "Kumbe ni Mkurya!"

Darasa zima, Wakurya watupu tunaosifika kwa wivu, likaanguka kwa kicheko. Madam alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia akapangusa macho na ncha ya ushungi, akatupa jicho nyuma, likanikuta mimi. "We Bhoke unayecheka kuliko wote," akasema. "Mtu akikuonea wivu, maana yake hajakuchukulia rahisi. Ila asikukate panga tu."

Nililiweka hilo moyoni kama zawadi. Nimelivaa mpaka limechanika.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka. Alishawahi kumrushia kijana chaki ikampata mkuu wa shule. Alisimulia wafalme waliovunja sanamu kwa nyundo, lakini akikutana na kinyonga njiani anazunguka shamba zima, afike kipindi amechelewa, viatu vimejaa mbegu. Kuku hakuweza kuchinja kwa kuogopa damu, na cha kuchinjwa na sisi hali, basi utamwona anashuka senta na kuku hai kwapani kwenda kwa mwenye duka, anamfunika macho yule kuku kwa mtandio na kumnong'oneza. Vijana wa boda walimtania, "Madam, unamsomea Historia?" Naye, "Namwambia aage."

Alikuwa bahili wa sifa na mkarimu wa chai. Alikuwa mpweke pia, ingawa nilichelewa kuliona hilo. Simu yake haikuita sana. Jioni alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya walimu akiangalia barabara ya Mugumu, na mtu yeyote akipita na kumsalimia, alimjibu kirefu kuliko ilivyohitajika.

Mtihani wa kidato cha nne haukunipenda. Nikaenda kwenye cherehani, nikaweka yangu senta chini ya bati la kaka yangu, nikashona sare za shule. Sikulia sana, mimi si mtu wa kulia sana. Nilikuwa nimebandika ukutani picha ya piramidi kutoka kwenye kalenda ya zamani, na nikishona mshono mrefu nilikuwa niko Misri, nimevaa miwani ya jua, naingia kwenye hekalu lisilo na paa. Madam aliniletea vitambaa vyake vya magauni. Nilimshonea vizuri kuliko mtu yeyote, mikono mirefu, pindo mara mbili. Nilitegemea siku moja atakaa kwenye kile kigoda na kunisimulia mimi, kwa sauti ya pili, mimi peke yangu.

Akaja kukaa. Lakini kwetu nyumbani, na kwa Bibi.

Bibi yangu mzaa baba ni mtu wa Gorong'a, kule Tarime vijijini, aliolewa huku akiwa msichana. Amebatizwa, ana kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, na Jumapili anakaa benchi la mbele. Mimi naimba kwaya. Siku ya kwanza Madam alikuja kuchukua gauni lake, akamkuta Bibi uani, akapiga goti na kumpa shikamoo. Bibi akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, na akavitemea mate kidogo. Pfu, pfu. Ndivyo wazee wetu wanavyobariki. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu wa serikali, ametawadha, anatemewa mate!

Madam hakuivuta mikono yake. Kisha akavipeleka vile viganja usoni, akajipaka kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, kama wanavyofanya wakimaliza dua.

Bibi alinigeukia. "Huyu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "huyu analelewa vizuri."

Mimi hayo mate nilikuwa najifutia kwenye sketi tangu utotoni.

Toka siku hiyo Madam akawa wa Bibi. Kila Jumamosi asubuhi na mapema, kabla ng'ombe hawajatoka, anakuja na sukari kwenye karatasi. Walikuwa wanazungumza nini? Bibi hajui Kiswahili cha kutosha, Madam Kikurya hajui zaidi ya salamu. Lakini walielewana kwa namna ambayo ilinitoa jasho. Siku moja nikiwa napuliza moto jikoni nilimsikia Madam anasimulia yule mfalme wa jua.

"Alikuwa Mkurya?" Bibi akauliza.

"Hapana Bibi, Mmisri."

"Baba yangu alisimama lango la zizi, asubuhi, anatazama jua. Kila siku." Bibi akapuliza chai yake. "Lakini baba hakuomba jua. Alisema, hili ni jicho tu. Mwenye jicho yuko nyuma yake. Mmoja."

Kijiko cha Madam kiliacha kugonga kikombe. "Mmoja?" akasema, kwa sauti ya pili. "Alisema mmoja? Kabla ya wamisionari?"

"Kabla ya hata soko."

"Alisemaje, Bibi? Maneno yake unayakumbuka?"

Nikaacha kupuliza moto. Hayo maneno mimi nilikuwa nimeshayaomba. Nilikuwa najua kwamba asubuhi Bibi huwa anatoka peke yake, anasimama langoni kwa ng'ombe na midomo inacheza. Tangu nikiwa mdogo nimemuuliza, Bibi unasema nini, na jibu lilikuwa moja: nasali kama wote. Miaka yote nimelala naye nyumba moja. Nimemkanda miguu. Sikupewa.

Nikasikia, "Bhoke!"

"Naam, Bibi."

"Nenda kachote maji."

"Pipa limejaa, Bibi."

"Nenda kachote mengine."

Nikaenda. Nilichota maji ambayo hayakuwa na pa kuwekwa, nikayamwagia migomba. Niliporudi nilimwona Madam amesimama langoni na Bibi, midomo yao wote wawili inacheza. Bibi anasema, Madam anarudia. Waliponiona wakanyamaza kama watoto walioiba sukari.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Migomba yetu mwaka ule ilistawi kuliko ya kijiji kizima.

Nilikuwa na wivu mpaka nikashona mikono ya gauni lake kinyume. Nikaifumua, nikashona upya, kwa sababu nampenda. Lakini niliifumua kwa hasira. Kwanza Mwita, nikavumilia, Mwita ana akili. Sasa Bibi! Bibi ni wangu. Hata jina nililonalo ni la mama yake. Mtu anatoka Kondoa na sukari robo, anapewa kitu cha ndani ya nyumba yetu, na mimi natumwa maji.

Nilimkabili siku moja kwenye cherehani. Nilikuwa na sindano mdomoni, ikanisaidia kuongea kama mtu asiyejali.

"Madam, Bibi anakufundisha nini?"

Alikunja uso. "Nimeahidi, Bhoke."

"Umeahidi usimwambie nani?"

"Mtu yeyote anayeelewa Kikurya."

Nikacheka, kwa sababu nikikosa la kufanya nacheka. "Madam, huku wote tunaelewa Kikurya. Ni wewe tu."

"Ndiyo maana nimepewa mimi," akasema.

Sikumwelewa. Nilielewa tu kwamba nimenyimwa mara ya pili, na safari hii na wawili.

Kisha uhamisho wake ukaja, na walimpeleka wapi? Gorong'a. Kwao Bibi! Nilimtania, "Madam, sasa umechukua na kijiji chake." Alicheka lakini macho yalikuwa mekundu. Bibi alimtemea mate viganjani kwa muda mrefu. Aliondoka na lile begi moja, mkeka, na birika la kijani, na magauni yangu.

Kiharusi kilimpata Bibi msimu wa mahindi mabichi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukalala nao. Hospitali walifanya waliyoweza, tukarudi naye nyumbani. Anasikia, anaelewa, anakula uji vizuri, ila maneno hayatoki. Zinatoka sauti tu, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Kila asubuhi alikuwa anasumbuka. Anagonga kitanda kwa mkono mzima, anaonyesha mlango. Tukajua: anataka langoni. Kaka yangu na mimi tunambeba kwenye kiti cha plastiki, tunamweka penye zizi, jua linatoka. Na pale Bibi anangoja. Anatazama jua, midomo inajaribu, haiwezi. Anatugeukia sisi. Anangoja sisi tuseme, na sisi hatujui. Katekista alikuja akasali, sala nzuri, Bibi akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Alipoondoka, akageuka tena kwangu, anangoja. Machozi yanashuka upande mmoja. Mimi niliimba nyimbo zote za kwaya. Nilicheka, nilicheza, nilimpaka mafuta. Siyo hicho alichotaka. Mtu mzima anakaa mbele ya asubuhi kama mbele ya mlango uliofungwa, na ufunguo uko Gorong'a kwa mwalimu wa Historia.

Nikampigia simu. Nikamwambia, Madam, yaseme hayo maneno, nitayaandika. Akasema, "Bibi alisema yasipite kwenye simu." Nikakasirika, nikakata. Kesho yake nikapanda gari mpaka Tarime, na kutoka hapo nikachukua boda.

Nilimkuta nje ya nyumba ya walimu anapepeta mchele. Amekonda. Gauni lilikuwa langu, lile la mikono niliyofumua. Sikuanza hata na salamu ndefu.

"Shikamoo Madam. Nimekuja kuchukua vitu vyetu."

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikai. Bibi anangoja kila asubuhi. Anangoja, Madam. Ananitazama mimi kama vile mimi ndiye ninayemnyima."

Akaweka ungo chini. Nikamwambia yote, kiti, lango, machozi ya upande mmoja. Alisikiliza huku anaokota punje moja moja zilizoanguka.

"Unajua kwa nini alinipa mimi?" akauliza.

"Kwa sababu anakupenda."

"Kwa sababu nilikuwa kama jiwe. Bhoke, yale maneno ni kazi ya wazee wa kiume. Yeye aliyaiba kwa masikio, msichana anakamua ng'ombe, baba yake anasema pale langoni. Halafu akabatizwa. Akaona akiyasema mbele ya mjukuu anayeimba kwaya, atakutia wewe kwenye ugomvi kati ya kanisa na jadi. Na asipoyasema mbele ya mtu, yatakufa naye. Akaja mgeni asiyeelewa hata neno. Utoto wangu wote nimekaa madrasa, nimehifadhi sura nzima nzima za Kiarabu bila kujua maana. Kuhifadhi sauti ndiyo kazi ninayoijua. Nayasema moyoni kila siku yasipotee, na sijui yanasema nini. Huku Gorong'a siwezi hata kunong'ona, kila mtu ataelewa."

Nilikaa.

"Basi niambie mimi."

"Nimeahidi sitamwambia mtu anayeelewa."

"Madam!"

"Ngoja." Alikuwa na ile sauti ya pili, na hapakuwa na mtu mwingine pale, ni mimi tu, lakini nilikuwa na hasira mno hata nisiifurahie. "Nimeahidi hivyo. Lakini sikuahidi kwamba sitamwambia Bibi mwenyewe. Ni yake. Shule inafunga Ijumaa. Nitakuja nimsomee."

"Wewe usimame langoni? Utazame jua? Mwenye duka akikuona?"

"Nitasimama kama redio," akasema Madam. "Redio haiabudu. Na Bibi alishaniambia anayesemeshwa ni nani. Ni mmoja. Mimi simjui mwingine."

Alikuja Jumamosi, kama zamani, na sukari kwenye karatasi. Bibi alipomwona alitoa sauti kubwa ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue. Tukambeba mpaka langoni. Ng'ombe walikuwa bado ndani, mvuke unawatoka puani. Madam alikuwa ameshaswali alfajiri yake ameelekea kaskazini, kama anavyofanya siku zote. Sasa akageuka mashariki, akasimama kando ya kiti, ushungi umebana vizuri.

Mimi nikachukua ndoo. Nilijua nafasi yangu. Nilisema moyoni, haya, nenda ukamwagie migomba, waachie jambo lao.

Nikavutwa sketi.

Nilifikiri nimenasa kwenye mti wa zizi. Nikageuka. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Bibi, ule mzima, umeshika pindo langu kwa nguvu kiasi kwamba mshono ulilia. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kule jua linakotokea. Lakini hakuachia.

Madam akaona. Akamtazama Bibi, Bibi akaitikia kwa kichwa mara moja, na Madam akaanza.

Kikurya chake kilikuwa cha ajabu, kimevutwa mwishoni kama kisomo, lakini hakikupungua hata neno. Sitayaandika kwa lugha yenyewe. Hayo yana mahali pake. Kwa Kiswahili ni kama hivi: Wewe uliye nyuma ya jicho hili, tumeamka. Ng'ombe wameamka. Kilicho kibaya hapa ondoka nacho, uzame nacho kule unakozama. Kisha yakaja majina. Mjomba aliyekwenda Mwanza, apewe njia ya kurudi. Baba yangu, apewe usingizi. Kaka yangu, apewe subira. Kila mmoja na kitu chake, mpaka watoto wa jirani, mpaka ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika.

Na mwisho, kwa sauti ya Kondoa, kwa mvuto wa madrasa, nikasikia: Na Bhoke anayecheka ovyo, mpe mchana mrefu.

Jua lilikuwa limetoka. Bibi alikuwa analia, lakini siyo kilio cha zile asubuhi nyingine. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akaachia sketi yangu, akachukua mkono wangu, akageuza kiganja. Mdomo umepinda, mate yalitoka zaidi ya kawaida na mengi yakaniangukia gotini. Nilijipaka uso mzima.

Madam alikuwa ameenda kusimama kwenye ukuta wa zizi. Nikamfuata. Alikuwa anapangusa macho na ncha ya ushungi kama siku ile ya darasani, ila hakuwa anacheka.

"Yanasema nini?" akauliza. "Sasa niambie. Miaka yote nimebeba, sijui."

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Hapo jina lako nilikuwa nalisikia," akasema. "Ni neno pekee nililolielewa. Kila nikifika hapo nilikuwa naona wivu, Bhoke. Naona wivu kabisa. Mimi hakuna anayenitaja asubuhi. Mama yangu alishafariki, na huko ninakohamishwa wananiita Madam tu."

Mimi nimemwonea wivu mwanamke yule tangu nikiwa na sare ya shule. Nimewaonea wivu Mwita, na Bibi, na hata kuku aliyenong'onezwa. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye naye alikuwa anabeba jina langu kifuani kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

"Jina lako la nyumbani ni nani?" nikamuuliza. Aibu iliyoje, sikuwa najua.

Akaniambia, kwa sauti ya pili. Safari hii niliisikia vizuri.

Amerudi Gorong'a. Siku hizi ni mimi ninayesimama langoni kando ya kiti cha Bibi, na Jumapili naimba kwaya, na sijaona bado ugomvi alioogopa, ukija, nitauona. Maneno nimeyashika yote. Na hapo kwenye majina nimeongeza moja. Bibi aliposikia mara ya kwanza aligonga mkono wa kiti, akakubali. Hilo jina hamtalikuta humu, kwa kuwa linatajwa kila siku asubuhi mbele ya ng'ombe wetu, na panatosha.

Ila nimeliweka baada ya langu.